Udhuru wa Mbwa Mwindaji

Katika mashindano ya kuwinda rakuni nchini Marekani, mwamuzi humhukumu mbwa asiyemwona. Ni usiku, msitu umefunga, na mbwa wasiozidi wanne wameachiwa gizani huku wenyewe wakisimama pamoja, kila mmoja ametega sikio. Mbwa anapobweka kwa mara ya kwanza kuashiria kwamba amenasa harufu, mwenyewe lazima aitambue sauti hiyo na kumtangaza mbele ya mwamuzi kabla wengine hawajatangazwa. Kwa kanuni za United Kennel Club, chama cha nasaba za mbwa kilichoanzishwa mwaka 1898, anayetangazwa wa kwanza huwekewa alama 100, wa pili 75, wa tatu 50 na wa nne 25. Baada ya muda mlio hubadilika. Mbwa amemfukuza mnyama hadi mtini, amejiegemeza kwenye shina kwa miguu ya mbele, na sasa anabweka mfululizo bila kupumzika. Hutangazwa tena, safari hii kwa alama 125, 75, 50 na 25. Mzunguko mmoja mara nyingi huchukua saa mbili.

Alama hizo huwa bado ni ahadi. Watu hufuata sauti, hufika chini ya mti na kumulika matawi. Rakuni akionekana, alama zinajumlishwa. Mti ukiwa mtupu, hauna tundu wala kiota wala majani ya kumficha mnyama, alama zile zile zinatolewa. Lakini kuna hali ya tatu: mti una shimo refu, au umevikwa majani mazito ya kiangazi, na hakuna anayeweza kuapa kwamba mnyama yumo au hayumo. Hapo mwamuzi huzizungushia alama duara. Hazijumlishwi, hazitolewi, hukaa pembeni, na hutazamwa tu ikiwa mwishoni washindani wamefungana.

Duara hilo linastahili kutafakariwa kuliko kitu kingine chochote katika mchezo huu, kwa sababu ni udhuru uliogeuzwa kuwa sheria. Mwindaji wa nchi yoyote humtetea mbwa wake. Atasema upepo ulikuwa mbaya, ardhi ilikuwa kavu, mbwa bado mchanga, mnyama aliruka mti hadi mti. Wamarekani waliona kwamba baadhi ya hoja hizo zina haki ndani yake na nyingine hazina, wakachora mpaka kati yake: unasamehewa kile ambacho jicho la binadamu halikuweza kukithibitisha, na husamehewi kingine chochote. Mbwa mropokaji, yule anayebweka mahali pasipo harufu, hana udhuru. Anayeuacha mti baada ya kutangazwa hana udhuru. Anayemfuata kulungu, mbweha au oposamu badala ya rakuni hana udhuru, hata kama ameonyesha pua kali na miguu myepesi. Na anayemgeukia mbwa mwenzake kwa meno huondolewa mashindanoni papo hapo.

Hata hivyo hesabu yenyewe ina upole wake wa siri, na upole huo hauwaendei wote kwa usawa. Chukua mbwa mwenye pupa, anayetangazwa wa kwanza kila mara. Miti yake miwili ya kweli humpa 225 na 225. Wa tatu ni mtupu na humnyang'anya 225. Anabaki na 225. Chukua mwenzake mwangalifu aliyefika wa tatu kwenye ile miti miwili ya kweli na akakataa kuubwekea ule mtupu: 50 na 50, mara mbili, jumla 200. Mkweli ameshindwa na mwongo kwa alama 25. Mfugaji anayesoma matokeo peke yake atazalisha mbwa wa kwanza, na kizazi baada ya kizazi pupa itakuwa ndiyo sifa. Ndiyo maana wawindaji wa zamani wa Kentucky na Tennessee, wanaowinda bila karatasi ya alama, bado humthamini mbwa mwenye pua baridi, yaani awezaye kufuata nyayo zilizopoa tangu saa nyingi. Mbwa huyo huchelewa. Mbele ya saa ya mwamuzi uchelewaji wake ni kasoro, na katika usiku mrefu usio na saa ni hazina. Kiwango kinachopima usiku huo huo mmoja hakiwezi kuwatendea haki wote wawili, na sioni aibu kusema kwamba moyo wangu uko kwa huyo anayechelewa.

Msomaji wa pwani yetu anao mfano mwingine wa karibu zaidi, ingawa huenda hajawahi kuuona kama kanuni za mbwa. Sura ya tano ya Qur'ani, aya ya nne, inahalalisha kilichokamatwa na wanyama wawindaji waliofunzwa, jina la Mwenyezi Mungu likiwa limetajwa. Adi bin Hatim, mwana wa yule Hatim wa kabila la Tai aliyekuwa mashuhuri kwa ukarimu, alimuuliza Mtume kuhusu mbwa wake wa kuwinda, na jibu limehifadhiwa katika Bukhari na Muslim. Maana yake ni kwamba ukimtuma mbwa aliyefunzwa kwa kutaja jina la Mungu, basi kula alichokukamatia. Lakini yeye mwenyewe akila, usile, kwa kuwa huenda alijikamatia yeye. Na ukimkuta mbwa mwingine pamoja na wako juu ya mnyama aliyekwisha kufa, usile pia, kwa kuwa jina ulilitaja juu ya mbwa wako, hukulitaja juu ya yule mwingine.

Tazama jinsi maswali ya Adi na ya mwamuzi wa Marekani yanavyogusana. Wote wawili wanauliza: kazi hii ni ya mbwa gani? Kule msituni jibu hutoka kwenye sauti, na mbwa wanne wanaweza kugawana mti mmoja kwa viwango vinne vya alama. Katika hadithi ya Adi hakuna mgawanyo. Ushirika na mbwa asiyejulikana huharibu kazi yote. Na wote wawili wanauliza la kufanya panapoingia shaka, ila majibu yao yanaelekea pande mbili. Shaka ya Marekani humwegemea mbwa kwa hisani: hatuoni mnyama, basi hatukuhukumu. Shaka ya sheria ya Kiislamu huilinda sahani ya mlaji: hatujui, basi tusile. Tofauti hii inaeleweka mara moja tukikumbuka kinachotafutwa. Upande mmoja unatafuta mshindi, na mshindi anaweza kungoja usiku mwingine. Upande wa pili unatafuta nyama iliyo halali, na kilichokwisha kumezwa hakirudi.

Mafakihi hawakuishia hapo, na ni katika matawi ya mjadala wao ndipo elimu ya mbwa inapopata ukali wake. Ipo riwaya nyingine, ya Abu Tha'laba al-Khushani katika Sunan ya Abu Dawud, inayoruhusu kula hata kama mbwa amekula, na madhehebu ya Maliki yalielekea kwenye wepesi huo. Wahanafi walishika ukali kwa mbwa, lakini wakampa kozi msamaha ambao mbwa hakuupata. Ndege wa kuwinda, walisema, mafunzo yake ni kuitika anapoitwa. Akidonoa nyama si kosa, kwa sababu mwili wake haustahimili kipigo ambacho kwacho mbwa hufundishwa kujizuia. Kila mnyama akapimwa kwa kile ambacho maumbile yake yanaweza kufundishika. Washafii, ambao Minhaj ya Imamu Nawawi imesomwa kwa vizazi kuanzia Lamu hadi Unguja, katika kauli yao yenye nguvu zaidi walimtaka hata ndege ajizuie.

Na damu je? Mbwa akilamba damu ya windo bila kugusa nyama, Hanafi na Shafii wanakubaliana kwamba windo linabaki halali. Maelezo ya Wahanafi yananifurahisha kwa uadilifu wake: mbwa huyo ameonyesha ukamilifu wa mafunzo, kwa kuwa amechukua kisichomfaa bwana wake na kumwachia kinachomfaa. Kitendo ambacho mtu wa haraka angekiita tamaa, wao walikisoma kuwa ni adabu. Kisha hapo hapo Washafii wanaleta ukali wao wa tohara. Mahali meno ya mbwa yalipogusa ni najisi, na kwa kauli sahihi zaidi najisi hiyo haisamehewi. Inaoshwa kwa maji na udongo, ingawa si lazima pande hilo la nyama likatwe na kutupwa. Mbwa amefanya kazi vizuri, windo ni halali, na bado mdomo wake una hukumu yake. Katika mbwa mmoja, sifa na hadhari zinakaa pamoja bila moja kuifuta nyingine.

Wagiriki walikwenda njia ya tatu. Xenophon, askari na mwanafunzi wa Sokrates, aliandika katika karne ya 4 kabla ya Kristo kitabu kifupi kuhusu uwindaji wa sungura kwa nyavu na mbwa wanaonusa. Sura yake ya kasoro haina huruma. Mbwa mdogo mno, mwenye pua iliyopinda, mwenye macho ya kijivu, asiyeona vizuri, mkakamavu wa viungo, dhaifu, mwenye manyoya haba, mwoga, asiye na pua, mwenye miguu mibovu: wote wanapangwa mstarini mmoja baada ya mwingine, na kila kasoro inaelezewa jinsi itakavyoiharibu siku ya kuwinda. Halafu anaingia kwenye tabia, na hapo mwindaji wa Marekani angemtambua kama ndugu. Anawaeleza mbwa wanaopiga kelele bila kunusa chochote, wanaojifanya wamepata njia, wanaozuga wenzao kwa wivu, wanaokimbilia nyayo kuukuu kana kwamba ni mpya. Takriban miaka 2400 imepita, na mropokaji wa Xenophon bado anapigiwa hesabu huko Indiana.

Karne tano baada yake alikuja Arrian wa Nicomedia, mtu aliyemheshimu Xenophon hadi kujiita kwa jina lake, na akaandika kitabu cha kumkamilisha. Xenophon, anasema, hakuwajua mbwa wa Waselti, wale wembamba wanaowinda kwa jicho na kumpita sungura kwa mbio. Kisha anafika kwenye macho ya kijivu. Hapati njia ya kukubaliana na mwalimu wake, kwa sababu amemlea mwenyewe mbwa jike mwenye macho ya kijivu kuliko kijivu chote, naye ni mwepesi, mchapakazi, jasiri na mzima wa miguu. Anamtaja jina, Horme, akitaka wazi libaki kwa watu wa baadaye. Anaeleza jinsi alivyomkaribisha kila aliporudi nyumbani na jinsi alivyomfuata yeye na rafiki yake. Kuhusu rangi ya manyoya Arrian haoni tatizo, awe mweusi, mwekundu au mweupe mwili mzima.

Ningependa kukaa kidogo na kitendo hiki cha Arrian, maana ni msamaha wa namna tofauti kabisa na duara la Marekani. Duara linasema: hatuna ushahidi, tuahirishe. Arrian anasema: ushahidi ninao, umelala miguuni pangu, nao unaibatilisha orodha. Hamwombei Horme msamaha kwa kasoro yake. Anaifuta kasoro yenyewe kutoka kwenye daftari la kasoro. Na kilichomwezesha kufanya hivyo ni lengo lake. Xenophon alitaka sungura aingie wavuni. Arrian alitaka kuona mashindano ya mbio kati ya wanyama wawili, na anakiri kwamba mara nyingi alimkimbilia sungura aliyekwisha kupambana vizuri akamwokoa kutoka kwa mbwa, na alipochelewa alijipiga kipaji cha uso kwa uchungu. Hapa anakutana tena na Wamarekani, ambao katika mashindano yao kwa kawaida hawampigi rakuni risasi. Humulika, huhesabu, huwafunga mbwa kamba na kuondoka, mnyama akiwa bado tawini. Pale nyama isipotafutwa, mwenendo wa mbwa ndio unaobaki kuwa matunda ya usiku, na kila kosa dogo la mwenendo huchunguzwa kwa undani zaidi.

Katika misitu ya Ituri, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya masoko na njia, orodha zote hizi zinapinduka. Mbwa wa huko, ambaye Wazungu walimpeleka kwao kwa jina la Basenji na kumwonyesha katika maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1937, habweki kama mbwa wengine. Mbele ya mwamuzi wa rakuni asingepata hata alama moja, kwa kuwa asiyetangaza hahesabiwi. Ukimya njiani ni mojawapo ya kasoro zinazochukiwa zaidi katika mbegu za Marekani. Wambuti, watu wa misitu hiyo, hawakumhesabia hilo. Walimvika shingoni kengele ya mti, na kengele ikamsemea, ikimjulisha mwindaji alipo na kuwasukuma wanyama kuelekea wavuni. Walichokosa kwenye koo la mbwa walikichonga kwa mikono yao.

Historia ya mbwa huyo ughaibuni inatufikisha kwenye kasoro za umbile na damu. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache, na ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi ukaenea katika ukoo wao uliofungwa. Mwaka 1990 chama cha American Kennel Club kilikubali kufungua kitabu cha nasaba ili kuingiza mbwa wapya walioletwa kutoka Kongo, na pamoja nao rangi ya michirizi iliyokuwa haimo katika kiwango. Usafi wa kitabu ulikuwa umegeuka kasoro, na rangi iliyokataliwa ikawa mlango wa uzima.

Wafugaji wa mbwa wa rakuni wana kisa cha namna hiyo kwenye mizizi yao. Katikati ya karne ya 19 huko Kentucky, mfugaji George Washington Maupin alipata mbwa aliyejulikana kama Tennessee Lead, ambaye inasimuliwa aliibwa Tennessee akiwa mbioni nyuma ya kulungu. Hakuna aliyejua nasaba yake, na hakufanana na mbwa wa asili ya Kiingereza waliokuwapo. Alichokuwa nacho ni kasi, moyo na pua, na damu yake ikaingia katika mbwa wa Walker, ambao tawi lao la kupandisha wanyama mitini lilipewa daftari lake mwaka 1945. Leo mbwa asiye na karatasi kama yeye asingeandikishwa kirahisi katika daftari ambalo wajukuu zake ndio fahari yake.

Viwango vya umbile vimejifunza kusamehe kwa uchaguzi. Mbwa mweusi na hudhurungi wa rakuni, kwa kiwango cha American Kennel Club, hupoteza haki ya kushindana uwanjani akiwa na doa jeupe kifuani linalozidi inchi moja, yaani kama sentimita 2.5. Doa hilo halijawahi kumzuia mbwa yeyote kunusa. Lakini chama hicho hicho, katika kiwango cha mbwa wa mashimoni wa Kijerumani, dachshund, kinaagiza kwamba makovu ya majeraha ya heshima yasihesabiwe kuwa kasoro. Kovu la kazi linasamehewa, doa la kuzaliwa halisamehewi. Naona ugumu kuutetea mpaka huo mbele ya Arrian, ingawa naelewa ulikotoka: doa linamwambia mfugaji habari za damu iliyochanganyika, na kovu linamwambia habari za mbwa aliyeingia shimoni bila kusita.

Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 868 au 869, aliujua ugumu huu vizuri. Katika kitabu chake cha wanyama aliwapa kurasa nyingi watetezi wawili, mmoja wa mbwa na mmoja wa jogoo, kila mmoja akihesabu ila za mnyama wa mwenzake. Mtu akizisoma hoja hizo zote mbili anaona jinsi tabia moja ya mbwa, kama vile kumng'ang'ania bwana wake, inavyoweza kuwekwa kwenye safu ya uaminifu au ya unyonge kulingana na mkono unaoiandika.

Lipo swali moja ambalo mila hizi zinaligusa na ambalo naliona gumu kuliko yote: kosa la leo linaweza kurudi nyuma na kuichafua kazi ya jana? Wahanafi walilijadili waziwazi. Mbwa amekamata mawindo kadhaa bila kula, akahesabiwa amefunzwa, kisha siku moja anakula. Windo la siku hiyo haliliwi, na mbwa anarudi kuwa asiyefunzwa hadi athibitike upya. Lakini nyama ya mawindo yale ya awali, iliyohifadhiwa nyumbani? Abu Hanifa alisema nayo ni haramu, kwa kuwa kula kwake leo kumefichua kwamba hakuwahi kufunzwa. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walimpinga: windo la jana lilihukumiwa kwa mwenendo wa jana, na mafunzo yanaweza kusahaulika. Kanuni za Marekani, bila kuwajua, zimegawanyika katikati yao. Kwa mti mtupu ziko na wanafunzi. Alama za miti iliyotangulia haziguswi. Kwa ugomvi ziko na mwalimu. Mbwa anayeng'ata mwenzake katika dakika ya mwisho hupoteza usiku wote, hata miti ambayo rakuni alionekana na kila aliyekuwapo. Katika jambo la mti nadhani wanafunzi walisema kweli, kwa sababu pua inaweza kukosea leo bila kuwa ilidanganya jana. Katika jambo la meno ninasita, na kusita kwangu kunatokana na yule mbwa aliyeng'atwa, ambaye karatasi ya alama haina mahali pa kumwandika.